Natembea Tu, Hakuna Aliyekufa

Mtu wa kwanza kuniuliza nani amekufa alikuwa mama mmoja mwenye mzigo wa kuni, juu kidogo ya Soni, ukungu haujaachia hata kidogo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akatua mzigo wake kabisa ili anitazame vizuri. Begi mgongoni, buti, fimbo mkononi, mwanamke mtu mzima, peke yake, kwa miguu, tena siku isiyo ya gulio.

"Kuna msiba wapi, mwanangu?"

"Hakuna msiba, mama."

"Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu."

"Sasa?"

"Natembea tu."

Maneno hayo mawili niliyasema mara nyingi katika safari ile hadi yakaniudhi mwenyewe. Kiswahili chetu hakina huruma na mwanamke anayetembea. Mtoto akianza kutembea anapigiwa makofi. Mwanamume akitembea amekwenda kuona dunia. Mwanamke wakisema "yule anatembea," basi jina lake limekwisha. Na akipita mzungu njia ileile, na begi lileile, hakuna anayemuuliza kuhusu maiti. Anapungiwa mkono, anaonyeshwa njia, anaitwa mtalii. Mimi ambaye mama yangu alichota maji katika vijito vile, natakiwa nijieleze kila kona.

Nilikuwa nimetoka Tanga na kigari changu cha zamani. Nauza vipuri vya magari, kazi ya kubishana na mafundi tangu asubuhi hadi jioni. Kila mmoja ananiambia nimempa bushi siyo, kumbe yeye ndiye aliyetaja gari siyo. Julai hiyo biashara ilikuwa imelala na mimi nilikuwa nimechoka kujibu watu. Nilitaka siku chache za kupanda na kushuka milima bila kuulizwa kitu. Nikaufunga mlango wa duka, nikaendesha hadi Mombo, nikapanda zile kona huku malori ya kabichi yakishuka mbele yangu na breki zinalia. Lushoto nikatafuta chumba cha kulala. Dada wa mapokezi akanipa ufunguo, akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Na mzee atafika saa ngapi?"

Nikamwambia mzee alikwishafika kwa mwanamke mwingine siku nyingi, anipe blanketi la pili. Baridi ya huko Julai haina mzaha.

Asubuhi nikarudi na gari hadi Soni, nikaliacha kwa fundi mmoja mteja wangu, nikaanza kupanda kwa miguu. Mpango ulikuwa nilale Bumbuli, kesho yake nikate juu kwa juu, nipite Mgwashi bila kusimama, nirudi Soni kwa njia nyingine. Hayo maneno "bila kusimama" ndiyo yaliyokuwa kiini cha safari, kwa hiyo ni lazima niyaeleze.

Mgwashi ndiko alikozaliwa mama yangu. Ndiko anakoishi mdogo wake, mama yangu mdogo, katika nyumba aliyoiacha bibi. Hawa wawili walikuwa hawajasemezana tangu bibi afariki, na chanzo kilikuwa simu.

Bibi alifariki asubuhi. Mama mdogo akachukua simu, akampigia dada yake Tanga. Mama alikuwa sokoni, anachagua samaki. Akaipokea simu begani, huku mikono imejaa magamba, akasikia, "Dada, mama ametutoka." Alianguka palepale kwenye maji ya samaki, na watu wakadhani ana kifafa.

Mama hakusamehe. "Kwetu habari ya kifo huletwa na mtu," alisema, na amekuwa akisema hivyo tangu siku ile. "Anafika, anakaa, anakunywa maji. Anakwambia mgonjwa hajambo. Baadaye anasema hajambo kidogo. Anakushika mkono, ndipo anakwambia. Mimi nimeambiwa kifo cha mama yangu kama mtu anayeambiwa gari la mkaa limefika!"

Mama mdogo naye alikuwa na yake. Angemtuma nani, na maiti iko ndani, mvua inanyesha, na basi la kushuka limekwisha ondoka? Alipiga simu ili dada yake awahi maziko. Na kweli aliwahi. Lakini ukimkumbusha mama hilo anakugeuzia mgongo. Aliapa hatakanyaga Mgwashi tena, na siku atakayokufa yeye, mdogo wake asipigiwe simu. "Atumwe mtu. Aende kwa miguu njia nzima, ili ajue habari inavyoletwa."

Nani aliyeyapeleka maneno hayo Mgwashi? Mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wao. Mama mdogo akituma gunia la viazi, ananipigia mimi: "Mwambie mama yako viazi vinakuja na basi." Mama anapokea, tunavichemsha, tunavila hadi cha mwisho, halafu ananiambia, "Mwambie mama yako mdogo viazi vyake vimefika vimeoza." Napeleka. Msimu unaofuata vinakuja vingine. Mjumbe hauawi, wahenga walisema, lakini hawakusema hachoki. Na walisema pia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimelima hadi mpini umekatika.

Wote wawili wamepita miaka sabini. Mama ana presha, mama mdogo miguu inamvimba. Simu yangu ikilia alfajiri najiuliza: ni yupi? Na yule aliyebaki nitamwambiaje? Niliona kabisa mmoja atamzika mwenzake bila kumsemesha, na mimi nitabaki nimesimama kati yao na maneno mkononi, sina pa kuyapeleka. Hilo lilinitia uchungu, na uchungu wangu siku zote huvaa hasira. Ndiyo maana niliposema nakwenda milimani, na mama akaanza, "Ukimwona mama yako mdogo mwambie..." nilimkata kauli.

"Simwoni. Safari hii sibebi neno la mtu."

Sikuwahi kumkata mama kauli maishani kabla ya siku hiyo. Aliendelea kuchambua mchele.

Basi nilitembea. Siwezi kusema nilifurahi, maana kila nilipotaka kufurahi kulitokea mtu. Kwenye jiwe moja la ukingoni, pale unaposimama ukaona nchi ya tambarare yote chini, imekauka rangi ya mkate, nilikaa nile yai langu la kuchemsha. Akatokea kaka mmoja mwenye kitambulisho shingoni, akaniambia hapo hapakaliwi bila mwongoza wageni. Nikamuuliza, mgeni ni nani? Akasema, "Wewe, mama." Nikamwambia bibi yangu amezikwa upande ule pale, yeye wake amezikwa wapi? Akasema Singida. Nikamwambia basi akae chini nimwongoze. Alicheka, akakaa, tukagawana yai, lakini bado aliuliza kama nimeachika.

Jiwe lile lilikuwa zuri, na uzuri wenyewe ulinikera. Nimezaliwa na mtu wa huku, nimefika umri huu, sijawahi kukaa pale. Kila nilipokuja milimani nilikuja na basi, nikapeleka neno, nikachukua neno, nikashuka.

Bumbuli nililala vizuri. Asubuhi nikapita kando ya mashamba ya chai. Wachumaji walikuwa wamekwisha ingia kazini, matenga mgongoni, na mmoja wao aliyekuwa na lafudhi ya Songea akaniuliza kwa sauti kama nimepotea. Nikamjibu kwa sauti kwamba yeye na mimi, aliye mbali zaidi na kwao ni yeye. Wenzake wakamcheka hadi nikamwonea huruma.

Ukishayapita mashamba ya chai njia inapanda, na upepo wa kule juu ni wa kukata. Unaingia machoni moja kwa moja. Nilikuwa natembea machozi yananitiririka, kamasi nafuta kwa ncha ya khanga, nilipomsikia bodaboda nyuma yangu. Akasimama. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa sweta mbili.

"Shikamoo mama. Panda nikusogeze."

"Marahaba. Sipandi."

"Ni mbali mama."

"Najua ni mbali. Natembea."

Akanitazama usoni. "Samahani, wewe si mtoto wa yule bibi wa Tanga? Dada yake na bibi wa pale juu ya msikiti, Mgwashi?"

Nikakubali. Ningekataaje? Sura yangu ni ya mama mtupu.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Hajambo kabisa?"

"Hajambo, nimekwambia!" Nilimfokea, na machozi yale ya upepo yakanidondoka mashavuni.

Yule bwana akavua kofia. "Pole sana, mama," akasema taratibu, akawasha pikipiki, akaondoka mbio kuliko nilivyotarajia kwenye njia ile.

Nilidhani ananipa pole ya miguu. Na kuanzia hapo ajabu ikatokea: maswali yakaisha. Nilipita nyumba ya kwanza, mwanamke akatoka na khanga kichwani, akasema, "Pole, mama." Nyumba ya pili, "Pole sana." Mzee mmoja aliyekuwa analima akasimamisha jembe, akainamisha kichwa, "Pole, mwanangu, ndiyo dunia." Nikajisemea, hatimaye! Hatimaye watu wangu wameelewa kwamba kutembea ni kazi, na anayetembea anastahili pole. Hasira zilianza kunishuka. Nilikuwa nawaitikia kila mmoja, "Ahsante, nimeshapoa," nao wanatikisa vichwa.

Ukikaribia Mgwashi njia inainama na unaiona nyumba ya bibi kabla hujaifikia. Nilikuwa nimepanga pale nigeuze uso upande wa pili na nipite. Nikaona turubai la bluu. Nikaona moshi wa kuni nyingi, masufuria makubwa, wanaume wamesimama makundi makundi kando ya uzio. Halafu upepo ukaniletea sauti za wanawake wanaolia.

Mama mdogo amekufa, nilijiambia. Amekufa, na mimi nilikuwa napita bila kusimama.

Sikumbuki kulitupa begi. Nakumbuka nakimbia kwenye mteremko ule na buti zangu, na watu wananipisha, na wengine wananishika mikono wakisema nijikaze. Nikaingia ndani. Kwenye mkeka, katikati ya wanawake, miguu yake iliyovimba imenyooshwa mbele, alikuwa amekaa mama mdogo, mzima, analia.

Tulitazamana. Sijui nani alishtuka zaidi.

"Umekuja kwa miguu," akasema.

"Shikamoo, mama mdogo. Nani amekufa?"

Wanawake wakaangua kilio upya. Mama mdogo alikuwa anaziangalia buti zangu zilivyojaa vumbi. "Njia nzima kwa miguu, kama alivyosema. Amenifundisha. Dada amekufa huku ananifundisha!"

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira zilizokuwa zimeshuka zikarudi zote na jamaa zao.

"Mama mdogo, mama hajafa! Mama hajambo!"

"Ndiyo," akasema bibi mmoja pembeni, akinivuta nikae. "Ndivyo inavyosemwa. Kaa kwanza mwanangu, unywe maji."

"Mzima kabisa! Jana nimeongea naye!"

"Ndiyo, ndiyo. Huwa wanaaga."

Utabishana vipi na watu wa namna hiyo? Kila mmoja pale alikwisha wahi kupeleka au kupokea habari ya msiba, na wote wanajua anayeileta huanza kwa kusema mgonjwa hajambo. Kila nilipokana, nilikuwa nathibitisha. Nilitaka kujua kwa nini hakuna aliyepiga simu Tanga kuuliza. Wakaniambia mama mdogo amekataza: yaliyotokea kwa simu mara ya kwanza yanatosha. Wanaume walikuwa wanatafuta gari la kuwapeleka kuzika.

Nikasimama nikapaza sauti mbele ya wazee, jambo ambalo kwetu halifanywi. "Hakuna aliyekufa! Nimekuja kutembea! Natembea tu!"

Kisha yule bibi akasema kwa huruma, "Uchungu umempanda kichwani, mshikeni," nao wakanishika.

Mama mdogo hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anasema na dada yake kama vile yuko pale chini ya turubai. "Dada, nilikuwa nachagua kimoja kimoja. Kimoja kimoja, dada, kwenye mwanga, visiwe na doa. Sijui vilikuwa vinaozea wapi."

Nilivijua viazi vile. Nimevila na chumvi, nimevila na nyama, na mama akila huwa anafumba macho. Nikajichomoa mikononi mwa wanawake, nikatoka nje, nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi ambako mtandao unapatikana. Nikampigia mama.

Kilio kilimfikia kabla ya sauti yangu. "Kelele gani hizo? Uko wapi? Nani kafa huko?"

"Wewe."

Nilisikia redio yake ya jikoni ikitangaza bei ya mahindi.

"Mimi?"

"Wewe mama. Wameniona natembea kwa miguu. Turubai limefungwa, makande yapo jikoni, kesho wanakuja kukuzika."

Akauliza kwa sauti ndogo ambayo siijui, "Na huyo anayelia hivyo ni nani?"

"Mdogo wako."

"Analia hivyo?"

"Tangu adhuhuri."

"Anasemaje?"

Hapo nikalipuka. "Sisemi! Nimeacha hiyo kazi! Unataka kujua anasemaje, nampelekea simu umsikie mwenyewe, na umwambie kwa mdomo wako kwamba u hai, maana mimi hawaniamini!"

"Usimpe!" Mama alipiga ukelele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. "Usithubutu. Habari kama hiyo haisemwi kwa simu."

"Basi itasemwaje?"

"Italetwa na mtu."

"Mtu gani, mama? Mtu ndiye mimi!"

Redio ikazimwa. "Waambie wasianue tanga," akasema. "Njoo unichukue."

Nikawaambia wasiondoke hadi nirudi na gari, nikashuka hadi Soni kwa pikipiki ya yuleyule bwana wa sweta mbili, ambaye hakuomba radhi, alisema tu angejuaje. Nikalichukua gari, nikashuka kona zote zile hadi Tanga, na kesho yake nikazipanda tena na mama pembeni, amevaa baibui yake nzuri, ameshika mkoba magotini, hasemi. Hakuniuliza miguu yangu ina malengelenge mangapi. Hakuniuliza nimeona nini huko milimani. Nilikuwa nimekunja uso njia nzima na hakuuona.

Pale njia inapoinama, akaniambia nisimame.

"Nyumba ni kule, mama."

"Naijua nyumba yetu. Simamisha."

Akashuka. Akavua viatu vyake vya mjini, akavishika mkononi, akaanza kuteremka taratibu, presha na yote, vumbi likimpanda miguuni. Mimi nikamfuata nyuma na begi lake. Watu walimwona wakaanza kusimama mmoja mmoja. Wengine walirudi nyuma kabisa, na sikuwalaumu.

Mama mdogo alikuwa bado mkekani. Alinyanyua macho, na kwanza hakumtazama usoni. Alitazama miguu yake.

Mama akakaa kwenye mkeka. Akaletewa maji, akanywa, akakirudisha kikombe. Akaushika mkono wa mdogo wake.

"Dada yako hajambo," akasema.

Mama mdogo akainamisha kichwa kama msichana. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," mama akasema. "Viazi havikuoza."